Godoro la Upepo: Laleni Wawili Kabla ya Kulipa



Ufuta ukishauzwa, au korosho zikishapita mnadani, fedha huingia kijijini. Fedha zikiingia, wachuuzi nao huingia. Wanafika Kibiti, Bungu na Ikwiriri na vyombo, saa, vitenge na redio. Siku hizi kuna pia magodoro ya upepo. Godoro zima limekunjwa likaingia katika kisanduku ambacho mtoto anaweza kukibeba. Juu ya kisanduku pana picha ya mume na mke, wote wawili wanacheka. Muuzaji anasema, "Ukitaka gumu, jaza upepo. Ukitaka laini, punguza. Na bei si kubwa."

Maneno hayo ni ya kweli, ila hayajakamilika. Lipo godoro la upepo linalowafaa mume na mke wa Kibiti, na lipo litakalowagombanisha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla hujafungua mfuko, soma makala haya. Kama mwenzako hajajua kusoma, msomee.

Pengine utauliza bwana shamba ana habari gani na godoro. Anayo. Mpunga unapaliliwa kwa kuinama, na mtu aliyelala vibaya hainami vizuri. Nimewaona wengi wanaofika shambani wameshika kiuno kabla hawajashika jembe. Wanasema ni uzee, nao hawajafika miaka 40.

MGONGO UNATAKA NINI

Wazee wengi wanaamini kwamba mgonjwa wa mgongo alale juu ya kitu kigumu kabisa, hata juu ya ubao. Mwaka 2003 madaktari wa Hispania walitoa matokeo ya utafiti juu ya jambo hilo. Walichukua watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Wengine waliwalaza juu ya magodoro magumu, wengine juu ya magodoro ya ugumu wa kati. Baada ya miezi 3, wale wa ugumu wa kati walikuwa wamepata nafuu zaidi. Kwa hiyo godoro lisiwe gumu kama sakafu, wala lisiwe laini hata likakumeza.

Utajuaje ugumu wa kati? Lala chali. Pitisha kiganja chako chini ya kiuno. Kama kiganja kinapita ovyo na nafasi inabaki, godoro ni gumu mno kwako. Kama hakipiti kabisa, umezama, godoro ni laini mno. Kikipita kwa kubana kidogo, hapo ndipo penyewe. Kisha mwenzako naye apime. Msishangae mkipata majibu mawili. Mume mwenye kilo 80 na mke mwenye kilo 55 hawazami sawa katika godoro moja.

UPEPO NI MMOJA, NANYI NI WAWILI

Godoro la upepo ni kama tyubu ya baiskeli iliyotandazwa. Limetengenezwa kwa plastiki, na ndani yake mna kuta zinazolizuia lisivimbe kama puto. Lina mdomo wa kujazia upepo. Ukijaza sana linakuwa gumu. Ukifungua mdomo kidogo linakuwa laini. Hapo muuzaji hakudanganya.

Lakini magodoro mengi ya bei ndogo yana chumba kimoja tu cha upepo. Mkilala wawili, yule mzito anaukandamiza upepo wa upande wake. Upepo ule haupotei. Unakimbilia upande wa yule mwepesi na kumwinua juu. Sasa godoro limekuwa mteremko, na yule mwepesi anaporomoka kwenda kwa mwenzake. Usiku wa kwanza mnacheka. Usiku wa kumi hamcheki. Mmoja akigeuka, mwingine anarushwa. Mmoja akiamka kwenda nje, mwingine anashuka ghafla na usingizi umekwisha.

Katika godoro la namna hiyo kule kuongeza na kupunguza upepo hakuwasaidii ninyi wawili. Mume akilitaka gumu, mke atalala juu ya gumu. Mke akilitaka laini, mume atagusa chini kwa nyonga.

Kuna magodoro yenye vyumba viwili, kila chumba na mdomo wake. Hayo ndiyo hasa ya watu wawili. Kila mmoja hujaza upande wake apendavyo. Bei yake ni kubwa zaidi, na kuyapata si rahisi.

Iko njia nyingine, na mimi naiona ni bora kwa mfuko wa mkulima. Nunueni magodoro mawili ya mtu mmoja, ya kimo kimoja na urefu mmoja. Yawekeni ubavu kwa ubavu. Shoneni foronya moja kubwa ya kuyafunika yote mawili, au yafungeni pamoja kwa mikanda ya kitambaa, kisha tandikeni blanketi na shuka moja juu. Ule mfereji wa katikati hautasikika sana. Kila mmoja ana upepo wake. Moja likitoboka, moja limebaki. Na mkienda shambani, kila mmoja anabeba lake.

Kabla ya kununua pimeni kitanda au mahali pa kulala. Magodoro ya madukani hupimwa kwa futi. Futi 3 kwa 6 ni ya mtu mmoja. Futi 4 kwa 6 watu wawili watabanana. Futi 5 kwa 6 inawatosha mume na mke. Magodoro ya upepo huwa na vipimo vyake, na mara nyingi vimeandikwa kwa sentimita. Kumbuka futi moja ni kama sentimita 30 na nusu. Kama huna futi ya kupimia, chukua kamba, ipime nyumbani kwenye kitanda, ifunge fundo, uende nayo dukani.

Tazameni pia uzito ulioandikwa juu ya kisanduku. Ukiona namba na herufi kg, hizo ni kilo ambazo godoro linaweza kubeba. Ukiona lb, hizo si kilo. Gawanya kwa mbili, nawe utakuwa umekaribia kilo zenyewe. Jumlisheni uzito wenu wawili. Kama godoro linabeba kilo 150 na ninyi mna kilo 135, mmekaribia mno. Tafuteni lenye uwezo zaidi.

MADEBE 28 YA UPEPO

Watu wengi hulinunua godoro bila kufikiri watalijazaje. Godoro la futi 5 kwa 6, lenye unene wa inchi 8, ndani yake mnaweza kuingia karibu lita 550. Hiyo ni kama madebe 28. Usijaribu kujaza kwa mdomo, utapata kizunguzungu. Pampu ya baiskeli nayo haifai. Pampu hiyo hutoa upepo mwembamba wenye nguvu, chini ya robo lita kwa kila mkandamizo. Utakandamiza zaidi ya mara elfu mbili, na bado huenda mdomo wake usilingane na mdomo wa godoro.

Kuna pampu za umeme. Ni nzuri kwa mwenye umeme, lakini shambani hakuna pa kuichomeka. Chagua pampu ya mguu au ile ndefu ya kusukuma kwa mikono miwili, ambayo husukuma upepo ikienda na ikirudi. Uliza kama pampu imo ndani ya kisanduku au inauzwa mbali. Hapo ndipo wengi wanaposhtuka, godoro lina bei moja na pampu ina bei nyingine. Magodoro yenye pampu ya umeme iliyojengewa humo humo yaacheni. Pampu ikifa, godoro nalo huenda likawa limekufa.

MTOTO MCHANGA ASILALE HAPO

Jambo hili nalisema kwa nguvu. Mtoto mchanga asilazwe juu ya godoro la upepo, hata kwa usingizi mfupi wa mchana. Plastiki ile inafuata umbo la uso wake. Akigeuka kifudifudi, pua na mdomo vinazibwa, na hana nguvu ya kuinua kichwa. Tena anaweza kuporomoka akabanwa kati ya godoro na ukuta, au kati ya godoro na mzazi. Huko Marekani serikali imewaonya wazazi juu ya jambo hili, kwa sababu watoto wamekufa hivyo.

Mama anayenyonyesha anataka mtoto awe karibu usiku. Basi mtandikie mtoto mahali pake karibu nawe, pawe bapa na pagumu kidogo, na mtoto alale chali ndani ya chandarua. Mkeka na blanketi jembamba lililonyooshwa vizuri chini yake vinatosha. Mkiwa na mtoto wa miezi michache, nashauri fedha za godoro la upepo zisubiri.

Mama mjamzito pia afikiriwe. Godoro lililo chini sakafuni linampa taabu kuinuka. Mahali pake pa kulala pawe juu kiasi cha magoti, ili akikaa ukingoni miguu yake ifike chini. Kuweka godoro la upepo juu ya kitanda cha chaga kunawezekana, ila chaga ziwe zimekaribiana na misumari isichomoze. Kwanza tandika mkeka mzito au gunia juu ya chaga.

HESABU YA KILA USIKU

Sasa tuzungumze fedha. Bei ninazotoa hapa ni za mfano tu, wewe weka bei za sokoni kwako.

Tuseme godoro la upepo ni shilingi 60,000. Mnalilalia kila siku, na baada ya miezi 6 linavuja mahali pasipozibika. Miezi 6 ni usiku 180. Gawanya 60,000 kwa 180. Kila usiku umelipa shilingi 333. Tuseme godoro la sponji nzuri ni shilingi 180,000 na linadumu miaka 6. Miaka 6 ni usiku 2,190. Kila usiku umelipa shilingi 82. Lile lililoonekana rahisi ndilo ghali.

Kwa sababu hiyo, kwa kulala nyumbani kila siku mwaka mzima, mimi sishauri godoro la upepo. Nashauri kile ambacho pwani yetu inakijua tangu zamani, yaani kitanda cha kamba. Watu wanakidharau, wanaona ni cha kimaskini. Lakini kitanda hicho nacho kinarekebishwa. Mifumbati miwili, vitakizo viwili, matendegu manne, na kamba za usumba kutoka minazi yetu wenyewe. Kikiwambwa vizuri kinabeba watu wawili bila ubao hata mmoja, na hewa inapita chini. Ubaya wake ni kwamba kamba hulegea. Kikilegea, katikati kinakuwa kama mtumbwi, na wote wawili mnakutana bondeni. Dawa yake ni kukaza kamba mara tu mnapoona bonde linaanza. Wengi hawakazi, halafu wanalaumu kitanda. Kazi ya kukaza ni ya nusu siku, na fundi wa kuwamba hakosekani vijijini, ingawa vijana wanaojifunza kazi hiyo wanapungua.

Juu ya kamba wekeni godoro la sufi au la sponji. Misufi tunayo. Godoro la sufi halina gharama kubwa kwa mwenye mti wake, lakini sufi hujikusanya mabonge. Lianikwe juani na kuchambuliwa kila baada ya muda. Kama mnanunua sponji, likandamizeni kwa ngumi kisha mwachie. Sponji nzuri hurudi upesi mahali pake. Lilinganisheni na jingine la ukubwa ule ule. Lililo jepesi sana litabonyea mapema. Na kunguni wakiingia kwenye maungio ya kitanda, mwagieni maji ya moto sana na kukianika.

MAHALI GODORO LA UPEPO LINAPOSHINDA

Je, godoro la upepo halina kazi? Linayo, na kazi hiyo iko hasa kwetu.

Wakulima wa mpunga wa bonde la Rufiji huhamia mashambani wakati wa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Huko hulala katika dungu, juu ya fito. Mume na mke hukaa huko wiki nyingi. Kubeba godoro la sponji la futi 5 katika mtumbwi kwenda Mbuchi au Msala ni taabu. Likirushiwa maji ya chumvi, halikauki upesi na linanuka. Magodoro mawili madogo ya upepo yanaingia katika ndoo moja. Yakilowa, unayafuta kwa kitambaa.

Tena tunaishi na mafuriko. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 maji mengi yaliingia katika vijiji vya Rufiji na Kibiti, na watu wengi walihama nyumba zao. Sponji na sufi zikishanyonya maji ya tope huoza. Familia yenye godoro la kukunjwa inaweza kulichukua mkononi pamoja na chandarua na sufuria.

Lakini godoro si mtumbwi. Mtu asilipande kuvukia maji, wala asiruhusu watoto kulichezea mtoni. Likitoboka katikati ya maji hakuna wa kukuokoa, na mto wetu una mamba na viboko.

Katika dungu kuna hatari tatu za godoro hili. Ya kwanza ni fito. Ncha moja ya fito au mwiba mmoja unatosha. Tandikeni majani makavu, kisha gunia, kisha ndipo godoro. Mkeka wenye kingo zinazochoma usigusane na plastiki. Ya pili ni moto. Dunguni watu hupika, huwasha kibatari, huchoma dawa ya mbu. Plastiki hii huyeyuka na kuungua upesi. Moto uwe mbali na malazi, na kibatari kizimwe kabla ya kulala. Ya tatu ni baridi. Upepo wa ndani hupoa usiku na kuupoza mgongo. Weka blanketi juu ya godoro, chini ya shuka. Wakati wa joto blanketi hilo hilo hunyonya jasho, maana plastiki hainyonyi.

Chandarua hakiachwi. Pimeni kimo cha godoro mtakalonunua, mhakikishe chandarua mlicho nacho kinafika chini na kuchomekwa pande zote. Godoro nene la inchi 18 linaweza kukifanya chandarua kifupi. Hapo mbu watapita.

DUKANI

Nendeni wote wawili. Mume akienda peke yake ataleta linalomfaa yeye. Mwambieni muuzaji alijaze upepo mbele yenu. Akikataa, ondokeni. Lilalieni wote wawili, hata watu wakicheka. Geukeni. Mmoja ainuke, mwingine asikilize mwili wake. Liacheni limejaa nusu saa mkinunua vitu vingine, kisha rudini mlibonyeze tena. Tazameni maungio yake pande zote, mahali plastiki ilipoungwa kwa moto. Hapo ndipo huachia kwanza. Ulizeni kama mna siku za kulirudisha likivuja, na chukueni risiti.

Ulizeni viraka na gundi yake. Msitegemee gundi ya fundi baiskeli. Ile ni ya mpira, na godoro hili ni plastiki. Kiraka kitashika leo na kubanduka kesho.

Usiku wa kwanza msiogope mkiamka na kulikuta limelegea kidogo. Plastiki mpya hunyooka, na upepo ukipoa alfajiri hupungua ukubwa. Ongezeni upepo jioni. Likilegea kila siku kwa kiasi kile kile hata baada ya wiki moja, linavuja. Pakeni povu la sabuni kidogo kidogo kuanzia mdomoni mwake. Mahali panapotoa mapovu ndipo penye tundu. Wekeni alama kwa kalamu, kausheni, futeni mafuta, kisha bandikeni kiraka na kuacha godoro bila upepo kwa muda ulioandikwa kwenye gundi.

Msilijaze likakaza kama ngoma, hasa mkiliacha mchana mahali penye jua. Upepo ukipata joto hutanuka, na maungio yanaweza kufumuka. Asubuhi punguzeni kidogo.

Msimu ukiisha, lifuteni kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Likauke kabisa kivulini kabla ya kulikunja, la sivyo litaota ukungu. Likunjeni bila kukandamiza mistari ile ile kila mara. Panya hutafuna plastiki, kwa hiyo liwekeni katika ndoo yenye kifuniko. Pampu, viraka na gundi viwe ndani ya ndoo hiyo hiyo, ili mtakapofika Mbuchi jioni na mbu wameanza, msigundue kwamba pampu imebaki Kibiti.